Ruzuku Bila Serikali: Fedha za Dharura Masisi na Walikale

Serikali inapowapa raia wake fedha mkononi wakati uchumi umeyumba, hutimiza mambo mawili kwa mpigo: huiwezesha kaya kula na kumtibu mtoto bila kuuza jembe au mbuzi wa mwisho, na papo hapo huwapa wauza bidhaa wateja ambao vinginevyo wangetoweka, kwa kuwa fedha aliyopewa maskini haikai mfukoni. Malipo ya namna hiyo, ambayo raia hapaswi kuyarudisha, huitwa ruzuku, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko na mipaka, yalienea duniani kuliko wakati mwingine wowote. Marekani iliwatumia watu wazima wengi dola 1,200 kila mmoja katika awamu ya kwanza. Kenya ilitenga shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wazee, yatima na wengine wenye dhiki, kisha ikaanzisha mpango wa Kazi Mtaani kwa vijana wa mitaa ya mabanda. Togo iliwalipa kwa simu wakazi wa Lomé na viunga vyake, wanawake faranga 12,250 kwa mwezi na wanaume 10,500. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikubaki nyuma kabisa, kwani Mfuko wa Jamii wa Jamhuri, kwa fedha za Benki ya Dunia, uliandaa mpango wa kuwalipa wakazi wa vitongoji maskini vya Kinshasa dola 25 kwa mwezi kupitia simu zao.

Kinshasa, hata hivyo, iko mbali kwa kila kipimo na Masisi na Walikale, wilaya mbili za jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa nchi. Hatua mojawapo iliyotangazwa mapema Aprili 2020 kwa ajili ya nchi nzima ilikuwa maji na umeme bila malipo kwa miezi miwili, na nafuu hiyo, iliyoeleweka vizuri katika mitaa ya Kinshasa kama Gombe na Limete, ilikuwa maneno matupu kwa mwanakijiji wa Kivu ya Kaskazini anayechota maji mtoni na kuwasha kibatari, ambaye shirika la maji na lile la umeme halijawahi kumletea hata ankara. Wilaya hizi mbili zina migogoro ya kiuchumi inayofuatana bila kupumua, lakini ruzuku ya serikali inayolingana na migogoro hiyo haijawahi kuwafikia wakazi wake kwa utaratibu wa kudumu.

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba ruzuku ni jambo geni huko. Wakazi wa Masisi na Walikale wamekuwa wakipokea fedha taslimu na vocha kwa zaidi ya miaka 10, wanajua zinavyohesabiwa, zinavyokatwa na zinavyoibwa, na baadhi yao wamekuwa sehemu ya utafiti ambao husomwa na wanauchumi wa vyuo vikuu vya ng'ambo. Mlipaji tu ndiye aliyekuwa mwingine: mashirika ya Umoja wa Mataifa na yale yasiyo ya kiserikali, kwa fedha za walipa kodi wa Ulaya na Marekani. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu anayepewa na shirika hushukuru na kusubiri awamu nyingine, lakini anayelipwa na serikali yake anaweza kudai.

Ni vyema kwanza kuzieleza wilaya zenyewe, maana kanuni za ruzuku hubadilika kulingana na ardhi. Masisi, yenye kilomita za mraba zipatazo 4,700, ni nchi ya vilima vya malisho, maharage, viazi na maziwa. Jibini lake huliwa hadi Kinshasa, na sehemu kubwa ya chakula cha mji wa Goma hushuka kutoka huko kwa malori, kwa pikipiki na kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao vijana huutelezesha mteremkoni ukiwa umebeba magunia. Walikale ni karibu mara tano kwa ukubwa, kilomita za mraba zaidi ya 23,000, na sehemu kubwa yake ni msitu. Watu wake huishi kwa mihogo, mawese na madini, hasa kasiterite, yaani mawe yanayotoa bati. Masisi ina soko lililo karibu na barabara zinazopitika kwa shida, na Walikale ina utajiri ulio mbali na soko. Fedha ileile hufanya kazi tofauti katika sehemu hizo mbili.

Septemba 2010

Mfano ulio wazi zaidi wa mgogoro wa kiuchumi usio na ruzuku katika eneo hili haukuletwa na korona wala na ukame, uliletwa na amri ya serikali. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila, baada ya kuzuru Walikale, alisimamisha uchimbaji mdogo wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akitaja magenge ya kihalifu yaliyokuwa yakinufaika nao. Sababu haikuwa ya kubuni. Mgodi wa Bisie, uliovamiwa na wachimbaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa ukitoa sehemu kubwa ya kasiterite ya jimbo hilo, na kwa muda mrefu ulidhibitiwa na wanajeshi waliotoza kila gunia na kila kichwa.

Lakini uchumi wote wa Walikale ulikuwa umejifunga kwenye kamba hiyo moja. Mawe yalibebwa mgongoni na wapagazi kupita msituni, wakiwa na magunia yenye uzito wa kilo 50 hivi, hadi barabarani, kisha yalipakiwa katika ndege ndogo zilizotua Kilambo, mahali ambapo uwanja wa ndege ni kipande cha barabara ya lami ambapo magari husimamishwa ndege inapokaribia. Ndege hizo hazikuja tupu: zilileta chumvi, sabuni, mchele, bia, dawa na nguo. Mawe yalipozuiwa kutoka, ndege nazo zilipungua, na bidhaa zikapanda bei wakati uleule ambapo mifuko ya watu ilikauka. Mkulima ambaye hakuwahi kushika sururu alijikuta hana wa kumuuzia mihogo; mama aliyekopeshwa mtaji na mnunuzi wa mawe alipoteza mkopeshaji; mzazi aliyekuwa akilipa ada kwa mshahara wa upagazi alimrudisha mtoto nyumbani.

Amri iliondolewa Machi 2011, ila nafuu haikurudi nayo. Mwaka uliotangulia, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya masoko ya fedha iliyojulikana kwa majina ya watunzi wake Dodd na Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya nchi hiyo zieleze kama madini yao yametoka Kongo au nchi jirani. Viwanda vingi vya kuyeyusha bati na tantali viliona ni rahisi zaidi kuacha kununua kuliko kuchunguza, na kuanzia Aprili 2011 soko likawa limefungwa bila mtu yeyote kutia saini amri ya kulifunga. Wanauchumi walioyachambua maisha ya vijiji vilivyo karibu na migodi hiyo baadaye waliona kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika kipindi hicho.

Katika miezi yote hiyo, serikali iliyositisha kazi haikumlipa fidia ya faranga hata moja mchimbaji, mpagazi wala muuza mihogo, na wabunge wa Washington waliotunga kifungu cha 1502 hawakukitengea fungu la kuwafuta jasho waliotarajiwa kukitii. Amri ya aina hiyo ndiyo ruzuku iliyobuniwa kuitibu, kwa sababu hasara ilijulikana tangu siku ya kwanza, mwanzo wake ulikuwa na tarehe, na walioathirika walikuwa na kazi inayotambulika. Haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo lilikuwa gumu kulifikiria. Halikufikiriwa.

Dola 130

Wakati Walikale ikihesabu hasara hiyo, wilaya jirani ilikuwa ikihesabiwa na watafiti. Kati ya 2011 na 2012 shirika la Concern Worldwide lilitoa msaada katika kambi isiyo rasmi ya wakimbizi wa ndani huko Masisi, yaani watu waliokimbia vijiji vyao bila kuvuka mpaka wa nchi. Kaya 474 ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zilipewa fedha taslimu zilizowekwa katika akaunti za ushirika wa akiba na mikopo, na nyingine zilipewa vocha, yaani hati yenye thamani maalumu ambayo hutumika tu kwa wauzaji waliochaguliwa. Thamani ilikuwa sawa kwa wote, dola 130 kwa jumla katika miezi saba. Mwanauchumi Jenny Aker, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts, alifuatilia matumizi yao, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la uchumi la Benki ya Dunia.

Hofu ya wafadhili ilikuwa ileile inayosikika kila mahali, kwamba maskini akipewa fedha ataipeleka kwenye kilabu cha pombe. Matokeo hayakuiunga mkono. Waliopewa fedha walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, vya chakula na visivyo vya chakula, kuliko waliopewa vocha, na baada ya miezi hiyo hali za makundi hayo mawili, kwa mlo na kwa mali za nyumbani, hazikutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Kilichotofautiana ni gharama ya kugawa: kuandaa soko la siku moja, kuchapa vocha, kuwakagua wauzaji na kuwalipa baadaye kulikula fedha nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, mfadhili aliyetaka kumlinda mpokeaji dhidi ya nafsi yake alilipa zaidi ili apate matokeo yaleyale.

Kuanzia mwaka 2013 UNICEF, kwa fedha za serikali ya Uingereza na kwa kushirikiana na mashirika kadhaa, ilipanua njia hiyo katika majimbo ya mashariki kwa mpango uliojulikana kwa herufi ARCC, uliowapa waliokimbia, waliorejea na wenyeji waliowapokea fedha bila masharti. Matumizi yalifuata mahitaji ambayo yeyote aliyeishi Kivu angeyataja bila kuuliza: chakula, karo, mbuzi au nguruwe wa kufuga, matibabu, mtaji wa kuuza mafuta ya mawese au samaki wakavu. Karo inastahili neno la ziada. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo kuanzia Septemba 2019, ilifanya jambo ambalo kwa hesabu ya kaya ni ruzuku kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka Kinshasa hadi vijiji vya Masisi, hata kama haikuitwa hivyo na hata kama walimu wengi ambao hawakuwa katika orodha ya mishahara waliendelea kufundisha bila kulipwa.

Swali la bei nalo halikwepeki, maana wachuuzi na wanasiasa hulitaja kila fedha zinapogawiwa. Nchini Kenya, katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa kaya zaidi ya 10,000, na watafiti waliopima eneo zima waliona kwamba bei zilipanda kwa kiasi kidogo sana, wastani wa asilimia 0.1, na kila dola moja iliyoingia ilizaa shughuli za uchumi zenye thamani ya dola 2.5 hivi, kwa sababu aliyepewa alinunua kwa jirani ambaye hakupewa. Masisi, ikiwa na wakulima wengi, masoko ya kila wiki na Goma karibu, inaweza kuitikia fedha kwa namna inayofanana na hiyo wakati barabara ziko wazi. Walikale ni suala jingine. Pale ambapo chumvi hufika kwa ndege au kwa pikipiki iliyopita siku kadhaa kwenye tope, fedha zaidi bila bidhaa zaidi humnufaisha mwenye ghala, na ndiyo maana mpango wowote wa kuwalipa watu wa msituni usiokwenda sambamba na kufungua barabara ya Sake, Masisi na Walikale unastahili kutiliwa shaka.

Jetoni na bariyeri

Vitabu vya uchumi huhesabu ruzuku pale inapotolewa. Masisi na Walikale hufundisha kwamba ihesabiwe pia siku ya pili yake. Makundi yenye silaha yaliyotawala sehemu za wilaya hizi yalijenga mfumo wa kodi wenye nidhamu kuliko ule wa serikali, na chombo chake kikuu ni kile ambacho wenyeji hukiita jetoni: kikaratasi kidogo ambacho kila mtu mzima hukinunua kila mwezi ili apite njiani, aende shambani na sokoni bila kupigwa wala kufungwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakifuatilia kundi la NDC-R, lililotamba katika sehemu za Walikale na Masisi, waliandika kwamba bei ya jetoni ilikuwa faranga 1,000 kwa mwezi.

Faranga 1,000 huonekana ndogo, lakini kaya yenye watu wazima wawili hulipa faranga 24,000 kwa mwaka, ambazo kwa kiwango cha kubadilisha cha mwaka 2019 zilikaribia dola 15. Kaya iliyopewa dola 130 ingekuwa imekwisha kutoa zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla ya kununua debe la unga. Hapo bado hazijahesabiwa bariyeri, vizuizi vya kamba au mti vinavyotoza kila kinachopita, ambavyo taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilivihesabu mwaka 2017 ikavikuta 798 katika Kivu mbili, vingine vikiwa vya waasi na vingine vya wanajeshi na watumishi wa serikali yenyewe. Muuza maharage akilipa bariyeri, huifidia kwa mnunuzi. Kwa hiyo sehemu ya fedha za walipa kodi wa Ulaya, zilizotolewa kwa nia njema kabisa, huishia mikononi mwa wenye bunduki.

Upotevu haukuanzia njiani tu. Mwaka 2020 ripoti iliyotayarishwa kwa niaba ya mashirika ya misaada nchini Kongo, baada ya kugunduliwa kwa ulaghai mkubwa miaka miwili kabla, ilieleza jinsi orodha zinavyochafuliwa: machifu na wanakamati huongeza majina ya jamaa, wafanyabiashara hupanga wakimbizi wa kuazima wajiandikishe siku ya hesabu, watumishi wa mashirika hudai fungu, na wanawake huombwa miili yao ili majina yao yabaki. Katika Kivu ya Kusini shirika la GiveDirectly lilikiri mwaka 2023 kwamba karibu dola 900,000 ziliibwa na watumishi wake wenyewe walioshirikiana na watu wa nje, kwa kuandikisha laini za simu ambazo wapokeaji hawakuwa nazo mikononi. Kuhamia simu, ambako kulisifiwa kuwa dawa ya wizi, kulibadilisha mahali wizi unapofanyika.

Ugumu mwingine ni wa haki kati ya majirani. Wengi wa waliokimbia vita nchini Kongo hawaishi kambini, huishi katika nyumba za wenyeji waliowapokea, na mwenye nyumba aliyegawa shamba lake, chungu chake na kitanda chake mara nyingi ni maskini sawa na mgeni wake. Orodha inayomwandika mgeni na kumwacha mwenyeji hupanda chuki, na katika nchi ambamo Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga na Watembo wamekuwa wakigombania ardhi kwa miongo mingi, chuki ya orodha haimalizikii kwenye manung'uniko.

Ndiyo sababu kazi za kulipwa, zinazojulikana kwa herufi za Kifaransa THIMO, yaani kazi zinazohitaji mikono mingi, zilipokewa vizuri katika mradi wa serikali wa kuimarisha mashariki, STEP, ulioendeshwa na Mfuko wa Jamii wa Jamhuri kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2014. Vijana na kina mama walikarabati barabara za vijijini na mitaro kwa ujira wa kila siku, sehemu ya ujira iliwekwa akiba, na pale waliotaka walipozidi nafasi, majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu mbele ya hadhara, jambo ambalo lilimpunguzia chifu nguvu na lawama kwa pamoja. Kwa wazee wa Kivu tofauti na salongo ilionekana mara moja. Salongo, kazi ya lazima ya kijiji iliyoenezwa enzi za Mobutu, hulipwa kwa kutoadhibiwa. Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wameirudisha katika maeneo wanayoyashika. Kazi hiyohiyo ya kufyeka na kuchimba mtaro, ikilipwa, ni ruzuku. Isipolipwa, ni kodi.

Nani yumo daftarini

Togo iliweza kulipa haraka mwaka 2020 kwa sababu daftari lake la wapiga kura lilikuwa jipya na lilikuwa na karibu watu wazima wote. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia wake hawakuwa na kitambulisho cha taifa, wakatumia kadi ya mpiga kura kwa kila shughuli, kuanzia kufungua akaunti hadi kuandikisha laini ya simu, na utoaji wa kitambulisho kipya uliozinduliwa na Rais Félix Tshisekedi mwaka 2023 haujafika mbali. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Maana yake kwa mada hii ni ya moja kwa moja: mtu asiyeandikishwa hana kadi, asiye na kadi hupata taabu kusajili laini kwa jina lake, na asiye na laini kwa jina lake hupokea fedha za simu kupitia simu ya mtu mwingine, ambaye hukata chake.

Mwaka 2025 hata waliokuwa na laini walikwama. M23 waliuteka mji wa Masisi mapema Januari, wakaingia Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Machi wakafika Walikale, mahali walipokaa kwa wiki mbili hivi kabla ya kuondoka. Benki za Goma zilifunga milango, tawi la Benki Kuu likasimama, uwanja wa ndege ukafungwa. Fedha iliyopo kwenye simu haikuweza kugeuka noti bila kumwachia wakala sehemu nono, na noti za faranga zilizobaki zikazunguka hadi zikachakaa kiasi cha wachuuzi kuzikataa, katika mji ambao tayari ulikuwa na desturi ya kuikataa dola yenye mpasuko wa ukubwa wa punje ya mtama. Februari waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa Goma, wengi wao kutoka Masisi, waliamriwa waondoke katika muda wa siku tatu, wakarudi kwenye mashamba yaliyoota magugu bila mbegu wala jembe. Muda si mrefu kabla ya hapo, Januari 20, serikali mpya ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na nchi hiyo ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Wafadhili walionyesha siku hiyo tabia ambayo siku zote walikuwa nayo: hawafungwi na sheria yoyote mbele ya mwanakijiji wa Bashali au Katoyi huko Masisi.

Kongo inayo fedha ya kuanzia, na sehemu yake inatoka katika udongo uleule. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaagiza kwamba mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni ya madini huyatoa kwa thamani ya inachouza, ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa bati kiwango cha mrabaha ni asilimia 3.5. Kampuni ya Alphamin, iliyojenga mgodi wa kisasa Bisie, ilizalisha zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, wakati bei ya dunia ilikuwa kama dola 30,000 kwa tani. Hesabu ya haraka, isiyo ya mhasibu, hutoa mauzo ya zaidi ya dola milioni 500, mrabaha wa dola milioni 18 hivi, na fungu la mahali la takriban dola milioni 2.7 kwa mwaka. Kwa kipimo cha dola 130 za kambi ya Masisi, fungu hilo la asilimia 15 peke yake lingezitosha kaya 20,000. Ni kweli kwamba fedha hizo zimekusudiwa kwa miundombinu ya msingi, lakini barabara inayofunguliwa kwa mikono ya wanakijiji wanaolipwa ujira wao hadharani ni miundombinu na ruzuku kwa pamoja, tena ni aina ya ruzuku ambayo Walikale inaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Upande wa Masisi hesabu inauma zaidi. Machimbo ya Rubaya ya koltani, yaani mawe yanayotoa tantali, yanayokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, yalitekwa na M23 Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za madini hayo. Kwa mwaka hizo ni dola milioni 9.6, zinazotosha kwa kipimo kilekile kaya zaidi ya 70,000. Mazungumzo ya Washington na Doha yaliyoanza mwaka 2025 yamezungumzia sana nani atachimba na nani atanunua mawe hayo. Wanaorudi kwenye vilima yanakochimbwa hawajatajiwa kiasi chochote cha kuanzia maisha.

Madai yanayoweza kufikishwa Kinshasa sasa hivi si makubwa. Hesabu ya mrabaha wa Bisie itangazwe kila mwaka katika sekta ya Wanianga, mgodi ulipo, kwa tarakimu na kwa lugha inayosomwa sokoni. Daftari la kaya liandikwe kijiji kwa kijiji, wageni na wenyeji pamoja, na lisomwe hadharani kabla ya fedha yoyote kutolewa. Na amri yoyote ijayo ya kufunga migodi iambatane na malipo ya miezi ambayo watu watakaa bila kazi. Walikale ilipiga kura mwaka 2023 na ina wabunge wa kuwauliza. Masisi haikupiga.